Ukuta wa Nyuma wa Nyumba Namba Tisa

Gari la polisi lilikuwa na mafuta ya kufika Ruziba, kusini mwa Bujumbura. Ya kurudi, alisema dereva, tumwachie Mungu. Mwanvua hakubishana naye. Huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili katika upelelezi, na alikwisha kujua kwamba kugombana na dereva hakuongezi hata tone moja kwenye tangi. Alimwambia awashe injini yeye akirudi, kisha akashuka kwanza mahabusu.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi. Kesho yake saa mbili Kamishna angetia sahihi, na Mugisho angepelekwa gereza kuu kwa kosa la kuua. Faili lilikuwa limekaa vizuri, tena vizuri mno. Jumatatu mafundi bomba walifungua nyumba namba tisa kule Ruziba wakamkuta Karimu, fundi umeme wa kampuni, amelala kitandani, kisogo kimepasuka, amekufa. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye kitita cha Mugisho, mlinzi wa pale, Mkongomani wa Bukavu. Watu watatu walishuhudia kwamba Alhamisi iliyopita Mugisho na Karimu walitukanana hadharani. Injenyeri Dieudonné, mkurugenzi wa kampuni, alisema yeye mwenyewe alimtuma Karimu Ruziba Jumamosi mchana. Daktari alisema maiti iliyokaa ndani ya nyumba ya bati iliyopigwa jua siku mbili haiwezi kumpa saa kamili. Kifo kilikuwa kati ya Ijumaa jioni na Jumapili asubuhi. Juu ya yote hayo, Mugisho alikuwa amedanganya. Alisema Jumamosi usiku hakuingia nyumba yoyote, alilala kibandani kwake. Wavuvi waliona taa inawaka ndani ya nyumba namba nne.

Mugisho alikuwa amekaa sakafuni bila mkanda wala kamba za viatu. Karibu naye mahabusu mwingine alikuwa anaswali, na Mugisho alikuwa amekunja miguu kumpisha.

"Mama Chef, mukubwa wangu, minakuambia ile ile ya jana," alisema.

"Jana ulinidanganya. Kesho saa mbili banakupeleka gereza kubwa. Ukifika kule, mi sina nguvu tena. Taa ya namba ine ilikuwa ya nani?"

Mugisho alivuta ulimi wa kiatu kilichokosa kamba.

"Ni Consolée. Bibi yangu. Na batoto batatu. Kule Gatumba maji iliingia mu nyumba mpaka dirisha. Miezi mbili sasa banalala mu namba ine. Patron wa kampuni akijua, kazi imekwisha, na batoto banarudi mu maji."

"Karimu alijua?"

"Alibakuta Alhamisi. Akanitukana, na mi nikamutukana. Kisha akaona batoto. Ijumaa asubuhi akarudi na waya, akatuwekea ampuli, ile taa. Hakusema kitu. Aliweka, akaenda zake. Sikumuona tena mpaka banamutoa mu namba tisa."

"Na yote hayo ukayanyamazia?"

"Ningesema, Consolée angefukuzwa siku ile ile."

Mwanvua aliandika, akamsomea, akamtaka atie sahihi. Mtu anayekubali kubeba kesi ya mauaji ili watoto wasitolewe nje ama ni mkweli ama ni mwongo wa kupindukia. Katika kazi yake alikwisha kukutana na wote wawili, na nyuso zao hazikupishana sana.

*

Nyumba za Ruziba watu wa mji waliziita masanduku, bila dharau yoyote. Zilitengenezwa kwenye karakana moja ya Cibitoke: fremu ya chuma, mbao ngumu pande zote, sponji nene katikati ya kuzuia joto, bati juu. Kila sanduku lilikuwa na sebule, chumba, jiko la pembeni, choo, na kitanda kilichojengewa moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma. Lori lilibeba moja moja kutoka kaskazini mwa mji hadi kusini, winchi ikalishusha juu ya nguzo za zege, na baada ya siku mbili tatu familia ingeweza kupika ndani. Kumi zilikuwa zimekwisha kusimama. Zilitakiwa arobaini kwa kuanzia, na orodha ya waombaji ilikuwa na familia mia sita. Katika mji ambao ziwa linaumega upande mmoja na wapangaji wanabanana upande mwingine, nyumba inayokuja kwa lori ni habari kubwa, na hakuna aliyetaka kuiharibu habari hiyo. Hata Kamishna alikuwa na shemeji kwenye orodha.

Langoni alisimama mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni na tochi mkononi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

"Unatafuta nani?" aliuliza.

"Polisi. We nani?"

"Mulinzi."

"Mulinzi iko ndani."

"Ndiyo. Na nyumba ziko nje. Sasa minalinda mimi." Kisha akaangalia begi la Mwanvua na sare ya dereva, akaelewa, akaishusha tochi. "Mimi ni Consolée. Munakuja kututoa?"

"Nakuja kuona taa."

Ndani ya namba nne kila kitu kilikuwa kimekunjwa na kusukumwa pembeni, kama kwa watu waliojiandaa kuondoka wakati wowote. Balbu ilining'inia juu ya meza. Mwanvua alipanda kiti. Waya ulikuwa umeungwa kwa utepe mweusi, na ncha ya utepe ilikunjwa ikaachwa kijiulimi kidogo, ili atakayekuja kuubandua asihangaike na kucha. Alishuka, akaenda namba nane, akafungua kisanduku cha swichi. Kijiulimi kile kile. Akafungua cha namba saba, halafu cha sita. Karimu ndiye aliyekuwa na mkono huo, na mkono huo ulikuwa umeweka taa kwa watoto wa mtu anayedaiwa kuwa adui yake.

Basi ugomvi wa Alhamisi ulikwisha Ijumaa asubuhi. Hoja ya kwanza ya faili ilikuwa imelegea. Ilibaki ya pili, ufunguo, na ya tatu, ambayo Kamishna aliipenda kuliko zote.

Mwanvua aliingia namba tisa na picha mkononi. Katika picha, Karimu alikuwa amelala ubavu wa kulia, uso ukielekea ukuta wa nyuma. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa kipande cha kitambaa. Nyuma yake palikuwa na vifurushi vitatu vya sponji vilivyomzuia asilale chali: kimoja kichwani, kimoja mgongoni, kimoja kiunoni, vyote vimeshindiliwa kati yake na ubao wa kitanda. Siku ile ya Jumatatu alimwambia Kamishna wazi kwamba maiti hii haikutupwa. Imelazwa, na imelazwa kama Waislamu wanavyolaza wafu wao.

Kamishna hakuwa mjinga. Alitoa simu, akafungua dira. Nyumba zote za Ruziba zinaelekeza milango barabarani na migongo ziwani, na ziwa liko magharibi. Kibla, kwa mtu aliye Bujumbura, kiko kaskazini, kidogo upande wa mashariki.

"Mwislamu gani wa mji huu asiyejua kibla, Mwanvua?" aliuliza. "Huyu ni mtu aliyeona mazishi kwa mbali akaiga ili kutuzuga. Na pale usiku kulikuwa na mtu mmoja tu, naye si Mwislamu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya tatu: aliyemlaza maiti hakujua kibla, basi ni Mugisho; na mpaka leo Mwanvua alikuwa hajaivunja. Sasa alisimama pale kando ya kitanda, ziwa mbele yake nyuma ya ule ukuta, kibla kikiwa mkononi mwake wa kulia. Kosa lenyewe lilimkera. Aliyefunga taya lile alilifunga kwa uangalifu, fundo likiwa juu ya utosi ili lisimkwaruze marehemu shavu. Mtu mwangalifu kiasi hicho hakosei upande.

*

Dereva alikuja kumwambia kwamba Mungu waliyemwachia mafuta hakuyaleta. Wakati huo winchi ilikuwa inashusha namba kumi na moja. Sanduku lilining'inia hewani, wanaume wanne wakilivuta kwa kamba pembeni, wakilizungusha pole pole mpaka mlango ukatazama barabara. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na Mwanvua aliitazama bila kuiona, akiwaza lifti. Ilipokwisha alimwomba dereva wa lori, jina lake Mawazo, ampakie mpaka Cibitoke.

Mawazo alikuwa mtu mnene wa maneno mengi, na alipoona begi la polisi maneno yakaongezeka.

"Mi sijui kitu, Madame. Mi ni wa usukani tu."

"Jumamosi ulibeba namba tisa?"

"Saa mbili ya asubuhi."

"Nani alifunga mulango wake?"

"Muzee Atumani, chef wa karakana, mukubwa wa mafundi. Kawaida ni Karimu anafunga, ananipa ufunguo. Siku ile muzee akanipa yeye mwenyewe, na mi nikaupa mulinzi wa Ruziba. Akasema Karimu iko na malaria."

Mwanvua alifungua maelezo ya Injenyeri kwenye begi. Injenyeri alimtuma Karimu Ruziba Jumamosi mchana. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwa maneno ya mzee, Karimu alikuwa mgonjwa.

"Muzee alisema kitu kingine?"

"Alisema niendeshe pole pole. Mi naendesha pole pole siku zote! Lakini siku ile alinirudilia mara tatu. Pole pole mu mashimo, Mawazo. Pole pole mu dodani, mu matuta ya barabara. Nikamuuliza, muzee, umeweka mayai mule? Hakucheka." Mawazo alipiga honi kumfukuza mbuzi. "Yule muzee anapenda kucheka."

*

Karakana ilikuwa na kelele za msumeno na harufu ya chuma kilichounguzwa. Sanduku namba kumi na mbili lilikuwa limesimama katikati, karibu kwisha, na nyuma yake fremu tatu tupu, zote zimepangwa mstari mmoja. Juu yao palikuwa na palani, kile kifaa cha cheni cha kuinulia kuta. Chuma chote cha mle ndani kilikuwa kimeshika kutu na vumbi la miezi. Cheni ya palani iling'aa, na grisi ya kiwandani ilikuwa bado juu yake.

"Cheni mpya," alisema Mwanvua.

"Matengenezo ya kawaida, Madame," alijibu Dieudonné. Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia nyeupe ya kazi na simu mbili.

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi mzima, na vumbi bado halijaifikia. Jumamosi, Karimu alikwenda Ruziba na nini?"

"Na moto. Pikipiki ya kukodi. Nilishaandika hayo."

"Akiwa na malaria?"

Dieudonné alimtazama Mawazo kwa mbali, halafu akamtazama yeye. "Nani amesema malaria? Madame, sikiliza. Familia mia sita zinasubiri. Wiki ijayo wafadhili wanakuja kutazama hapa hapa. Kila siku tunayosimama, kuna watoto wanalala kwenye maji. Muuaji mnaye. Mnatafuta nini tena?"

"Natafuta mahali pa kuswali," alisema Mwanvua, kwa kuwa muadhini wa mtaani alikuwa ameanza.

Hakuwa na hila yoyote. Ilikuwa adhuhuri, na swala kwake haikungoja upelelezi. Misumeno ilizimwa mmoja mmoja. Mzee mmoja wa aproni ya ngozi alikuja na ndoo ya maji, akaiweka miguuni pake.

"Asalam aleykum. We ni binti wa marehemu Huseni wa Bwiza, yule fundi cherehani."

"Aleykum salam, muzee. Ndiye mimi."

"Mimi Atumani. Babako alinishonea kanzu ya ndoa." Alionyesha mlango wa namba kumi na mbili. "Ingia mule, binti yangu, ni safi. Angalia ukuta wa nyuma. Sisi wote tunaswalia mu masanduku, ni mwaka sasa. Ukuta wa nyuma ndiyo kibla yetu."

Mwanvua alimkumbuka. Juzi Jumanne, kwenye mazishi ya Karimu, alisimama kando ya ukuta wa makaburi, mbali na wanaume, akitazama nani amekuja na nani hakuja. Mzee huyu ndiye aliyeshuka kaburini. Aliomba madonge ya udongo, akapewa matatu, akayaweka nyuma ya marehemu: kichwani, mgongoni, kiunoni. Jambo la kawaida, hata hakuliandika.

Alitawadha, akaingia, akatandika mtandio wake. Mbele yake kulikuwa na kitanda, na nyuma ya kitanda ukuta. Aliswali bila kuharakisha. Alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, kisha akabaki amekaa vile vile, akitazama kile kitanda. Alitoa simu na kufungua dira. Kaskazini, kidogo upande wa mashariki.

Asubuhi alikuwa ameona kwa macho yake sanduku likizungushwa hewani mpaka mgongo wake ukatazama ziwa. Alijiita mpumbavu kwa sauti ndogo.

Aliyemlaza Karimu hakukosea upande. Alimwelekeza kibla barabara kabisa, ila hapa, Cibitoke, kabla lori halijaja. Nyumba ndiyo iliyogeuka baadaye, na maiti ikageuka nayo.

Alimwita mzee ndani, akamwomba akae. Atumani alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Muzee, sina shahidi wala karatasi," alisema Mwanvua. "Nina ukuta tu, na cheni mpya, na dereva aliyeambiwa mara tatu aende pole pole. Kesho saa mbili mulinzi wa Ruziba anaenda gereza kubwa. Iko na batoto batatu. Ukikataa, mi nitaandika umekataa, na yeye ataenda."

Atumani alikuwa akisugua goti lake kwa kiganja, juu na chini. Nje misumeno ilianza tena. Alipofungua mdomo alikuwa na swali lake.

"Kule Ruziba, Karimu alikuwa anaangalia wapi?"

"Wewe hujafika Ruziba?"

"Hata siku moja. Mi ni wa humu ndani. Naona zinatoka tu." Alimtazama usoni. "Alikuwa anaangalia wapi, binti yangu?"

"Ziwa."

Mzee alijishika kichwa kwa mikono miwili na kulia. Alilia kwa sauti, bila haya, na Mwanvua, aliyekuwa na kalamu tayari, aliona huruma ikimpanda akaiweka kalamu chini. Alimsubiri mpaka amalize.

"Ijumaa, saa kumi na moja," Atumani alisema hatimaye. "Tulikuwa tunainua ukuta. Ile cheni ya zamani, miezi tatu naomba ibadilishwe. Naambiwa ngoja, wafadhili wakuje kwanza. Karimu alikuwa chini anapitisha waya. Cheni ikakatika. Hata hakupiga kelele."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi na yeye. Wengine walikuwa wametoka. Nikamuita Injenyeri. Akaja, akaangalia, akakaa chini palepale. Kisha akasema, muzee, wakijua mutu amekufa humu, karakana inafungwa, na zile familia zote zimekwisha. Akasema tumuweke mu namba tisa, kesho inaondoka. Tumutupe chini, tuweke ngazi kando. Watasema alianguka akifanya kazi yake, na mulinzi akafunga bila kuangalia ndani. Nyumba ikiwa Ruziba, watafunga nyumba moja tu. Hawatafunga karakana."

"Lakini hukumtupa."

"Injenyeri alienda kufunga geti, akaniacha mimi naye. Nilimufundisha kazi tangu ana miaka kumi na tano. Ningemutupaje chini kama gunia?" Alipangusa uso kwa aproni. "Nikamulaza. Nikamuwekea sponji asianguke mu mashimo. Kaburini nikamulaza tena. Mimi nilimulaza mara mbili, na mara ya pili nikamuomba musamaha."

Mwanvua aliliona jambo lile lote kwa pamoja, na halikuwa zuri. Kama mzee angefanya alivyoagizwa, polisi wangekuta ngazi na mtu aliyeanguka, na hakuna ambaye angekamatwa. Kitambaa cha taya na zile sponji tatu ndivyo vilivyosema kwamba kuna mkono wa mtu, na mkono huo ukatafutwa kwa mlinzi. Alimtazama Atumani na kujua kwamba naye amekwisha kufika hapo peke yake, pengine tangu Jumatatu.

"Walipomufunga yule mulinzi nilitaka kusema," alisema mzee. "Injenyeri akasema atatoka tu, hakuna preuve, hakuna ushahidi. Nikajidanganya siku tatu."

"Cheni ya zamani iko wapi?"

"Mu pipa ya mafuta machafu. Nyuma ya choo."

Waliitoa kwa ndoano, nyeusi, pete moja imefunguka kama mdomo. Mwanvua aliifunga kwenye gunia, akaliandikia namba, akapiga simu kituoni. Kituo kilijibu kwamba gari halina mafuta. Kwa hiyo mbele ya wafanyakazi thelathini, Injenyeri Dieudonné alipanda lori la kampuni yake mwenyewe, akabanwa katikati ya Mawazo na Mwanvua, huku simu zake mbili zikilia na hakuna anayezipokea. Atumani alizima mashine yake ya kuchomelea, akanawa mikono hadi viwikoni, akavua aproni na kuitundika msumarini. Alipanda nyuma, akakaa karibu na gunia.

Njiani Dieudonné alisema neno moja tu. "Mia sita, Madame."

"Nimesikia," alijibu Mwanvua. "Na Karimu mmoja."

*

Saa tisa na nusu alasiri Kamishna alikuwa amemaliza kusoma maelezo yote mara mbili. Dieudonné alikuwa chumba cha pili na wakili wake. Kamishna aliishika ile cheni kwa leso, akaitazama pete iliyofunguka, akairudisha.

"Ya cheni naelewa," alisema. "Ya ukuta, wakili ataicheka."

"Aicheke, chef. Mulinzi anatoka?"

"Anatoka."

Mugisho aliletwa ukumbini, akapewa mkanda, kamba za viatu na kitita cha funguo. Jambo la kwanza aliuliza nani analinda nyumba, akaambiwa ni Consolée, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo alivyotegemea. Aliinama kufunga kamba. Wakati huo huo Atumani alikuwa analetwa kutoka upande wa pili, mikono imefungwa mbele. Ukumbi ulikuwa mwembamba, na mtu mmoja alipaswa kumpisha mwenziwe.

"Mwanangu, ni mimi," alisema Atumani. "Ulikaa humu kwa sababu yangu. Unisamehe."

Mugisho alisikia. Aliendelea na kiatu cha pili. Askari akafungua mlango wa mahabusu. Mzee alisimama kizingitini, akaangalia kuta nne zisizo na alama yoyote, na alasiri ilikuwa inaingia.

"Afande," alimuuliza askari, "humu ndani kibla iko wapi?"

Askari hakujua. Alimtazama Mwanvua, na Mwanvua alikuwa anaingiza mkono kwenye begi kutafuta simu.

"Ukuta wa dirisha, muzee," alisema Mugisho, bado ameinama juu ya kiatu chake. "Usimame kidogo ku mukono wa kuume. Batu bote ba humu banaangalia pale."

Kamishna alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake na faili mkononi. Alitoa simu, akaielekeza kwenye lile dirisha, akaitazama kwa muda. Kisha akaomba kalamu, akafungua ukurasa wa pili, na kuifuta hoja ya tatu, ile ya mtu asiyejua kibla.